Marehemu Hana Wakili

Sheilah Graham alikula kwa kuchungulia madirisha ya Hollywood. Yeye, Louella Parsons na Hedda Hopper walikuwa wanawake watatu wa safu za umbea magazetini, ambao nyota akisikia wako mlangoni, kwanza anaficha chupa, kisha anamficha mgeni. Raha yenyewe ni kwamba huyu aliyelipwa kufichua ya wenzake alizaliwa Lily Shiel, akalelewa kituo cha yatima London, na ukoo wa kitajiri aliousimulia mjini aliutunga mwenyewe.

Kisha riziki ikamfuata hadi sebuleni. Tarehe 21 Desemba 1940 mpenzi wake, mwandishi F. Scott Fitzgerald, alikata roho hapo nyumbani kwa Sheilah, akiwa na miaka 44. Wahenga walishasema: kufa kufaana.

Mwaka 1958, akisaidiwa na Gerold Frank, akatoa kitabu cha mapenzi yao, Beloved Infidel. Mwaka uliofuata kikawa filamu, na Sheilah akaigizwa na Deborah Kerr. Hapo hata mimi ningesimulia ya kwangu bila kubembelezwa. Mwaka 1967 kikaja kingine, kikisimulia jinsi marehemu alivyomsomesha fasihi na historia nyumbani. Hicho, kusema kweli, kina utamu wake: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, na bili ya ada ikatumwa kwetu wasomaji. Halafu 1976 kingine tena, kikiahidi Fitzgerald halisi.

Sasa yule tuliyeuziwa 1958 alikuwa nani, binamu yake?