Mnong'ono wa Popo

Bagamoyo yetu si ile ya pwani yenye majahazi. Ni hii ya Tukuyu, penye migomba na mvua, na juu yake umesimama Mlima Rungwe. Katika msitu wa mlima huo palikuwa na baraza lililogawa sauti kama wazee wagawavyo mashamba. Kwale alipewa alfajiri, vyura usiku wa mvua, kipunji akapewa vilele vya miti. Aliyelia katika fungu la mwenziwe bila kibali alitozwa faini. Utaratibu huo ulikuwa mwema, kwani kabla yake mama hakuweza kumsikia mwanawe akimwita.

Siku moja popo wakafika barazani.

"Shikamooni, wazee wetu. Hatuombi fungu. Tunaomba kupita katika mafungu yote kwa wakati mmoja, kwa mnong'ono tu."

Mbega akaruka. "Mashamba yote? Huo ni wizi!"

"Babu, mnong'ono ndio macho yetu. Mlima ulipoporomoka, mtoto wa digidigi akafukiwa, ni sisi tuliotambua kifua chake kikipanda na kushuka chini ya udongo."

Baraza likatulia. Ndipo mlembe, aongozaye watu kwenye asali, akasema, "Sauti yangu hutoka mbali, humfikia msafiri ikiwa hafifu. Popo mmoja hanidhuru. Je, wakiwa elfu?"

Swali hilo ndilo lililokuwa zito. Kobe, mwenyekiti, hakulijibu kwa maneno. Aliwaweka popo pangoni, mlembe akaliita bonde, naye akasikiliza siku saba. Kisha akaamua: popo wanong'one bila kibali, lakini wasizidi mchakacho wa jani la mgomba, ambalo halikukusudia kusema lolote. Wabaki pangoni, wasijenge kituo mtini. Njia ya mlembe wasiiguse.

Wanadamu nao waliwahi kuamua vivyo hivyo. Tarehe 14 Februari 2002 tume ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu mitambo ya mawimbi mapana kutumia masafa ya gigahezi 3.1 hadi 10.6 bila leseni, kwa nguvu isiyozidi ile ambayo kompyuta huruhusiwa kuivujisha pasipo kukusudia. Waliohofia zaidi ni walinzi wa GPS, ambayo mawimbi yake hutufikia kutoka angani yakiwa yamechoka. Leo mnong'ono huo umo katika simu na funguo za magari, hata huku kwetu, ambako mamlaka ya mawasiliano, TCRA, hulinda masafa tangu sheria ya 2003. Naamini Kobe alitenda haki: alimpa mnyonge nafasi bila kumnyang'anya mnyonge mwingine.

Miaka ikapita. Jioni moja ya ukungu mlembe aliita mara tatu ndipo msafiri akageuka. Kobe akashuka taratibu hadi mlangoni mwa pango, akang'oa jani la mgomba, akalitikisa sikioni, akasikiliza ndani. Popo walikuwa wamezaa sana. Akaketi, akaanza kuwahesabu upya.