Waraka wa Robo Ndama

Kwa waheshimiwa maafisa elimu,
Mkoa wa Simiyu.

Naandika nikiwa mzazi wa hapa Bariadi, tena nawaandikia hadharani, kwa kuwa wanaohusika ni watoto wa umma.

Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilipomaliza kuhesabu watu, vikagawiwa walimu. Tulishukuru, na shukrani hiyo haijaisha. Ila vile ninavyoviona mimi vinajaza takwimu za kupeleka juu: mahudhurio, madawati, matundu ya vyoo. Mwanafunzi havigusi.

Kifaa hichohicho kinabeba Scratch, programu ya bure iliyozinduliwa na MIT ya Marekani mwaka 2007. Amri zake ni vipande vya rangi ambavyo mtoto huvipanga kwa kidole, zinasomeka kwa Kiswahili, na programu ikishapakuliwa haidai intaneti.

Mchukueni mtoto wa darasa la tano kule Meatu, ambaye kwao kuna ng'ombe 20. Aiamuru Scratch iongeze robo ya kundi kila mwaka. Mwaka wa kwanza inaandika 25, wa pili 31.25. Hapo darasa litapiga kelele: robo ya ndama inatembeaje? Mmoja atataka ifutwe. Mwingine atasema isubiri mwakani. Wa tatu, aliyezoea kuchunga, atauliza madume yameanza kuzaa lini. Huyo ndiye ninayemwombea kwenu. Ameona kwamba kuzidisha kulikuwa sahihi na jibu bado likapotosha, kwa sababu waliotunga swali hawakutenga majike. Atarekebisha. Ataingiza kiangazi, ataingiza nyasi za ngitili, yale malisho ya akiba, zinazopungua, atatazama mstari wa grafu ukipanda kisha ukiporomoka, halafu atabadilisha namba moja moja hadi ajue kundi linaponea wapi. Huko ndiko kuunda modeli, na mtoto wa miaka kumi na mmoja anakuweza.

Mkoa wetu ulijipatia jina kwa kambi za kitaaluma, na nidhamu yake ilikuwa ya kweli. Lakini mtoto anayekaa kambini akirudia maswali ya mitihani iliyopita hapewi nafasi ya kuuliza la kwake. Mwaka 2023 waliofaulu hisabati kidato cha nne, nchi nzima, walikuwa takriban robo ya watahiniwa. Mwaka 2024 hali ikabaki palepale. Waheshimiwa, mazoezi tumewapa ya kutosha. Tumewanyima sababu ya kuhesabu.

Mtasema vifaa ni vichache, na mtakuwa mmesema kweli. Kishikwambi kimoja kwa watoto kumi, mmoja akipanga amri na wenzake wakimbishia, kinatosha kuanzia.

Ninaomba kipindi kimoja kwa wiki, na siku hiyo mwalimu asidaiwe takwimu. Mkija kukagua, liacheni kwanza daftari la alama. Mwombeni mtoto awaonyeshe ng'ombe wake kwenye kioo, kisha awaeleze ni wapi hesabu yake bado haijalingana na zizi la kwao.

Wenu,
Mzazi, Bariadi