Gari la Kwanza la Kijana: Mwongozo kwa Wazazi wa Kasese na Bwera

Kijana akitimiza miaka 18 hapa Kasese, ukoo mzima hugeuka mafundi wa magari. Mjomba anataka Volkswagen Beetle, kwa sababu ndiyo iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Baba mdogo anayepeleka bidhaa Kasindi anataka Kikumi, ile Corolla AE100, kwa sababu inameza watu na magunia. Kijana mwenyewe anataka chochote chenye rimu pana na muziki wa kusikika mpaka Kilembe. Mzazi mwenzangu, wakaribishe wote, wape chai, wasikilize mpaka mwisho, kisha usimfuate hata mmoja.

Nunua Toyota Starlet.

Starlet ilianza kutengenezwa mwaka 1973 ikakoma 1999, Vitz ikachukua nafasi yake. Unazotafuta ni zile za miaka ya tisini: injini ya cc 1,300, uzito usiofika tani moja, gia za mkono. Tangu 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo kila Starlet utakayoonyeshwa iliingia zamani na imeshaonja barabara zetu. Muuzaji akikuambia imeshuka melini Mombasa juzi, muage. Tazama namba yake. Namba zilianza UAA, zikafika UAZ, ndipo zikaja za UBA. Herufi zitakuambia ukweli ambao mdomo umeuficha.

Kuna Starlet mbili za kukwepa: GT na Glanza V, zenye turbo. Kijana atakutajia majina hayo kwa upole mkubwa, akisema kwamba nazo ni Starlet tu, tena bei imekaribiana. Mkatalie. Turbo kwenye gari jepesi namna hiyo ni ya dereva aliyekwisha kukosa usingizi kwa kuogopa ajali, na mtoto wako hajafika huko.

Beetle ninaipenda, na mjomba hakosei kuhusu ushindi wake. Lakini injini yake iko nyuma na hupozwa kwa upepo, na kijana atakayeharibikiwa Kinyamaseke siku ya Jumapili anahitaji spea iliyoko Kasese au, ikishindikana sana, Kisekka kule Kampala. Spea za Toyota hufika kila mahali. Kikumi nayo ni gari zuri, imara, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kila mtu ameshawahi kuiona imebeba wanne mbele na watano nyuma, kwa hiyo kila mtu anaamini nafasi bado ipo. Msibani itaitwa. Mahari ikipelekwa, itaitwa. Siku ya soko la Mpondwe itaitwa alfajiri.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane, maana ndilo jambo ninalolijali kuliko injini. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hawezi kumwambia shangazi yake, "Gari limejaa." Hawezi kumwambia mzee aliyekwisha kufungua mlango kwamba ashuke. Adabu tuliyomfundisha ndiyo itakayomlaza chini ya mzigo wa watu tisa, breki zikiwa zimetengenezewa watano. Mchagulie gari dogo ili udogo wenyewe umsaidie kukataa. Kisha wewe, mbele ya ukoo wote, tangaza hesabu: watu ni kadiri ya mikanda. Shangazi akikasirika, akukasirikie wewe.

Mikanda basi ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Ya nyuma mara nyingi imefukiwa chini ya kiti, vitambaa vikashonewa juu yake. Ing'oe, ivute kwa ghafla. Mkanda usipokwama, haufai. Muuzaji atacheka. Endelea.

Fika asubuhi bila kupiga simu njiani, uweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, gari limewashwa mapema ili lisikuonyeshe tabia yake ya baridi. Mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta uangalie maji. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, mafuta yamekutana na maji, na gasketi ya hedi imekwisha. Uliza taimingi belti ilibadilishwa lini, kwa maana Starlet ina belti ya mpira, si cheni kama Vitz. Asiyejua siku, hesabu kwamba haijabadilishwa, na upunguze bei.

Halafu inua zulia. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na magari yaliyolala majini hayakutoweka. Yalikaushwa, yakapakwa rangi, yakauzwa. Tope huoshwa kwenye viti, husahaulika kwenye reli za viti na chini ya zulia. Lala pia chini ya gari. Lililowahi kubeba chumvi ya Katwe litakuwa limeliwa bati kutoka chini wakati juu linang'aa.

Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na bado limezeeka kwa jua, na jua la Kasese mnalijua. Pesa ambazo kijana ametengea rimu na spika zihamishie kwenye tairi nne, pedi za breki na shokapu. Atanuna wiki moja.

Sasa mpandishe muuzaji Kilembe. Tambarare ya mjini huficha mengi, lakini ule mlima utaonyesha klachi inayoteleza na rejeta inayochemka. Mkirudi, mkifika mahali tupu na tambarare, kanyaga breki kwa kilomita 40 kwa saa ukiwa umelegeza usukani kidogo. Likivuta upande mmoja, kuna gurudumu lisilofunga.

Barabara ya kwenda Bwera ina somo lake. Malori ya Congo yako kila saa, na kijana ataona aibu kukaa nyuma yake. Kaa naye chini mpige hesabu. Lori linakwenda 60, yeye yuko 80: anahitaji kama sekunde tisa kulipita na kurudi upande wake, na kwa sekunde hizo anakula mita 200. Anayekuja mbele kwa 80 anakula 200 nyingine. Ni mita 400 za barabara tupu inayoonekana yote, na kati ya Kisinga na Bwera hazipatikani kila mara. Akiifanya hesabu hiyo kwenye karatasi, kwa mkono wake mwenyewe, itamkaa kichwani kuliko kelele.

Upande wa Kikorongo ni mbuga ya Queen Elizabeth. Huku ikweta jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, giza likafuata upesi, na tembo wa kijivu kwenye lami ya kijivu haonekani mpaka taa zimguse. Saa kumi na mbili awe amefika anakokwenda, au alale huko. Mpe ruhusa ya kulala huko, tena mbele ya wenyeji wake, asije akakimbia usiku kwa kukuogopa wewe.

Mpondwe afike, asivuke. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Congo, magari hupita kulia, na kubadilisha upande katikati ya malori, mikokoteni na wachuuzi ni kazi ya mtu aliyezoea upande mmoja kwanza. Tangu ujenzi wa barabara ya Kasindi mpaka Beni ulipozinduliwa Juni 2021, marafiki wanazidi kuwashawishi vijana wafike Beni. Kasindi waende kwa miguu.

Kata bima ya mtu wa tatu, hamisha umiliki siku hiyohiyo ya malipo, na angali mwanafunzi abandike herufi L mbele na nyuma. Abadilishe tairi uani mara mbili kwa jeki ya gari hilohilo. Safari ya kwanza iwe Hima, asubuhi, pembeni yake akae yule mzazi asiyepiga kelele. Mnajua nyumbani kwenu ni nani.