Hotuba Juu ya Fadhila za Maisha ya Kale

Waungwana wa Miritini na vitongoji vyake,

Mimi, ambaye umati wa mitandaoni umenitawaza ustadhi wa maisha ya kale pasi na chuo chochote kunisumbua kwa mtihani, nimeona ni faradhi kuwapeni elimu hii katika ua wangu, ambao kamera, kwa hekima, huuonyesha upande wa mwembe tu na kuyapa kisogo malori ya makontena yapitayo barabara ya Nairobi.

Hapana taswira iburudishayo moyo kama mwanamke aliyejitwika mtungi wa udongo alfajiri. Na mfereji wetu, unaotegemea maji ya Mzima yajayo kutoka Tsavo kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, unapokauka kama ilivyo desturi yake, bi mkubwa wangu hununua mitungi ya plastiki ya lita 20 kwa msukuma mkokoteni, akaimimina faraghani ndani ya ule wa udongo, ndipo tukapiga picha. Uzito huo, ambao mimi binafsi sijapata kuubeba, nimethibitisha kwa kuutazama kuwa hunyoosha shingo.

Ama mafiga, hayo ndiyo johari ya mapishi. Jana kuni zilikuwa mbichi, bi mkubwa akainama kupuliza hata machozi yakamchuruzika na jivu likaingia katika tui alilolichuja punde hivi; nami nikamsihi, kwa adabu zote, apulize tena, maana mara ya kwanza alikohoa. Wako matabibu wasemao kuwa moshi wa kuni hudhuru mapafu. Hao hawajauona ukipenya miale ya jua.

Makuti nayo hayana kifani kwa ubaridi, ila masika ikiingia huvuja, sufuria zikakingwa kitandani, ndiyo sababu mimi hulala chumba cha mawe huko nyuma, penye feni, nisije nikaugua umma ukakosa mwalimu. Kuku wa kienyeji walikufa wote kwa kideri. Hawa mnaowaona ni wa kukodi.

Mahasidi hawakosi. Hata yule bibi wa Utah, Marekani, mwenye Ballerina Farm, akandaye mkate mbele ya mamilioni ya watazamaji, husimangwa kuwa baba mkwe wake ndiye muasisi wa shirika la ndege la JetBlue, kana kwamba ndege zapata kukanda unga!

Namwona bi mkubwa pale nyuma kainua mkono, bila shaka ana shukurani zake. Atanisamehe; treni ya alasiri i karibu kuondoka stesheni yetu, nami kesho natarajiwa Nairobi nikawafundishe watu kusaga mtama kwa jiwe. Wenye maswali mumuulize yeye, akishapata maji.