Namna ya Kupandisha Dau Hadi Mwenzio Akukimbie

Briji ina sehemu mbili, mnada na uchezaji. Uchezaji tuwaachie wenye subira. Mwongozo huu ni wa mnada, tena ule mnada mtamu ambao pande zote mbili zinautaka na hakuna aliye tayari kunyamaza.

Kwa aliyezoea lasti kadi tu: wachezaji ni wanne, wanaotazamana ni wenza, na kila mmoja ana karata 13. Kabla ya kucheza, watu hunadi. Anayesema kopa mbili anaahidi kwamba kopa zikiwa turufu, yeye na mwenzake watakula mizunguko minane kati ya 13, kwa kuwa sita ya mwanzo haitajwi. Pau ziko chini, kisha uru, kopa na shupaza, na juu ya zote kuna dau la kucheza bila turufu. Ni kama mnada wa mbuzi, ila hapa aliyeshindwa mnada mara nyingi ndiye anayeondoka na fedha. Hilo la mwisho usilikumbuke, litakuharibia ushujaa.

Sasa tuanze kazi. Mwenzio amefungua kwa kopa moja, maana yake anazo walau tano. Mpinzani ameingilia kwa uru mbili. Wewe una kopa tatu na karata za wastani, ukasema kopa mbili. Mpinzani wa pili akapanda uru tatu, mwenzio akasema pasi, mwingine naye pasi, zamu imerudi kwako. Ufanyeje? Tazama tena karata zako. Ni zilezile. Ulishazieleza, mwenzio akasikia, akaamua kunyamaza. Lakini mtu mzima ataachaje neno la mwisho liwe la jirani? Sema kopa tatu, tena kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo.

Wapo watakaokuletea habari za Mfaransa Jean-René Vernes, aliyeandika miaka ya 1960 kwamba ukijumlisha turufu za pande zote mbili, kila upande kwa rangi yake bora, utapata takribani idadi ya mizunguko ambayo pande hizo zingekula, kila mmoja kwa turufu yake. Mmarekani Larry Cohen akalifanyia jambo hilo kitabu kizima mwaka 1992, na watu wamelishikilia mpaka leo. Kwa kanuni hiyo, nyinyi mna kopa nane na wao, tuseme, wana uru nane: jumla 16. Wao wanahitaji mizunguko tisa, na wewe kwa kopa zako unahitaji tisa. Tisa na tisa ni 18, na 18 haipatikani ndani ya 16. Basi walau mmoja wenu lazima aanguke, yaani ashindwe kutimiza dau lake, na wao tayari walikuwa wameshajitolea. Umewahi kuona ukarimu wa kiasi hiki? Mgeni amekaa kwenye kiti kibovu, wewe unamwondoa haraka ili ukakalie mwenyewe.

Kuhusu hatari usijali sana. Mwaka 1925, Harold Vanderbilt alipokuwa kwenye meli ikipita mfereji wa Panama, alitunga hesabu ya alama ambamo upande uliokwisha kushinda gemu huhesabiwa kuwa hatarini, na adhabu zake huongezeka. Ukianguka mzunguko mmoja ukiwa salama unapoteza 50. Ukiwa hatarini, 100. Wakikupiga dabo, yaani wakidai hutatimiza dau lako na kuzidisha malipo yake, ukaanguka mitatu, salama ni 500, hatarini ni 800. Wachezaji waoga hutumia tofauti hiyo: wapinzani wakiwa hatarini na shupaza nne zenye thamani ya 620, wao walio salama husema uru tano, hupigwa dabo, huanguka mitatu, na kuokoa 120. Shujaa hufanya kinyume chake. Husubiri yeye ndiye awe hatarini na wapinzani wawe salama, hulipa 800 kuzuia 420, kisha hutafuta mtu wa kumpongeza. Mabingwa zaidi huzuia shupaza nne ambazo zingeanguka zenyewe.

Dabo nayo ina raha yake. Usiipige kwa sababu una turufu zao. Ipige kwa sababu umeudhika. Shupaza mbili za kawaida zikitimia huwapa wapinzani 110. Ukizipiga dabo zikatimia, wanapata 470, na 670 kama wako hatarini. Umewapa gemu ambalo wenyewe hawakuthubutu kuliomba.

Ukikosa la kusema, fikiri. Fikiri sana, tazama dari, shusha pumzi, kisha sema pasi. Mwenzio ataelewa kwamba karibu useme kitu, na hapo ndipo utakuwa umemfunga miguu, kwa sababu sheria za briji zinamkataza kunufaika na kusita kwako. Akiongeza dau, msimamizi ataitwa. Asipoongeza, utamlaumu. Na usiongeze vidole katika mazungumzo hayo: mwaka 1965 huko Buenos Aires, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walishtakiwa kupeana ishara kwa namna walivyoshika karata. Shirikisho la dunia likawatia hatiani, uchunguzi wa kwao ukasema ushahidi hautoshi, na wapenda briji wanabishana hadi leo.

Bado kuna hatua ya mwisho, ya baada ya kuanguka. Hapa mwongozo unakuomba uangalie kwanza mwenzio ni nani. Kama ni mkeo, fahamu kwamba mwaka 1929 huko Kansas City, John Bennett alianguka kwenye shupaza nne, wakatupiana maneno, akampiga makofi mkewe Myrtle mbele ya wageni, naye Myrtle akaenda kuchukua bastola. Mwaka 1931 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru.

Kama si mkeo, au bastola haipo, endelea. Subiri mwenzio amalize kuandika alama, kisha mwambie kwa upole, “Ungekuwa na bibi wa kopa, dau langu lingetoka.” Akikuuliza kwa nini ulidhani anaye, mgawie karata haraka.