Chunusi ya Benzi

Bosi mmoja wa Masaki kafiwa na boneti. Kokoto iliyochomoka kwenye lori la mchanga imeidonoa Benzi yake, kidonda kisichofika punje ya ulezi, na tangu hapo bosi hali wala hanywi. Analizunguka gari na tochi ya simu mchana kweupe, na majirani wakipita wanatakiwa wapumulie upande wa pili.

Usimwambie gari ni jeusi. Ni 197! Namba ya rangi, hiyo. Kichupa kimeagizwa Ujerumani, kimekuja kwa ndege, chombo ambacho mama yake mzazi hajawahi kukipanda.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unafuta kwa spiriti, unadondosha rangi kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba, ikauke, tena jembamba. Kisha vanishi, msasa wa maji namba 2000, polishi. Ukifanya pupa, tone moja nene, umepata chunjua. Na hata ukipatia, chembe za metali zilizopakwa kwa mkono hazilali kama zile zilizopuliziwa kiwandani, kwa hiyo mwenye jicho ataliona doa. Mwenye jicho hilo mjini ni mmoja tu, naye ndiye mwenye gari.

Rangi yote ya gari la kisasa, tabaka zote pamoja, ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Heshima ya mtu mzima imetoshea humo.

Dereva alikuja kuulizia mshahara wa mwezi uliopita. Kaambiwa angoje, kwanza rangi ikauke.