Waraka kwa Mheshimiwa Mshauri wa Mabadiliko

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni karani wa mizani mstaafu, misimu ishirini na mitatu katika kituo kimoja cha kuoshea kahawa hapa Muyinga. Ulituhutubia juzi katika ukumbi wa hoteli kule Gitega. Kama unakumbuka kofia iliyoinama baada ya chakula, safu ya nyuma karibu na dirisha, ndiyo mimi, na naomba radhi. Mishikaki ilikuwa mizuri mno.

Nakushukuru kwa somo, na zaidi kwa posho, iliyolipwa siku ileile. Wakulima waliokuwamo ukumbini walihesabu noti mara mbili, si kwa kukushuku, bali kwa kutozoea.

Ulisema Kifaransa, maandishi ukutani yalikuwa ya Kiingereza, na mjadala wenyewe ukafanyika wakati wa chai, kwa Kirundi na Kiswahili. Hata hivyo niliyashika mambo mawili. La kwanza ni la bwana Kurt Lewin: shirika huyeyushwa kama barafu, likabadilishwa, kisha likagandishwa upya. Kwa umeme wetu huu, mheshimiwa, kuyeyuka tumeshahitimu. Kinachotushinda ni kugandisha.

La pili ni hatua nane za bwana John Kotter, za mwaka 1996, na ya kwanza ni kuwafanya watu waone kwamba jambo ni la haraka. Hapo nilitamani kuinua mkono. Kahawa iliyochumwa asubuhi isipomenywa siku hiyohiyo huchacha, na ikichacha hakuna mnunuzi wa maana atakayeitaka. Nimeona akina mama wakishuka kilimani na vikapu kichwani, mvua inanyesha, wanakimbizana na jua lisilowasubiri. Haraka tunayo. Ikishapita mizani, kahawa ikageuka karatasi, ndipo haraka inapotutoka, na malipo yanaweza kungoja mpaka maharage mapya yaote.

Ukasema tena kwamba watu wa chini huogopa mabadiliko. Kofia ikaamka.

Nihesabie mabadiliko yetu, tafadhali. Mbelgiji aliwalazimisha babu zetu kupanda miti hii miaka ya 1930. Dunia ikagawana soko kwa mgao, na Julai 1989 mgao ukaanguka, bei nayo ikaufuata. Zikaja kampuni za kuendesha vituo, SOGESTAL, yetu ikiitwa ya Kirundo-Muyinga na ya Gitega ikiitwa Kirimiro, huku SODECO ikikoboa na OCIBU ikisimamia kutoka juu. Mwaka 2009 serikali ikaanza kuuza vituo, 13 vikaenda kwa kampuni ya Uswisi, Webcor, na msimamizi mpya akaitwa ARFIC. Miaka kumi hivi baadaye serikali ikarudi, safari hii kwa jina la ODECA. Hata mkoa umebadilika tukiwa tumesimama juu yake: Muyinga sasa imo ndani ya Buhumuza. Kibao cha kituo chetu kimepakwa rangi mara nyingi kiasi kwamba jua likikipiga, majina ya zamani yanachungulia chini ya jipya. Muda wote huo mkulima ana miti ileile ya Bourbon na kikapu kilekile, na kila aliyebadilisha kibao amemkuta hapo na kahawa mbivu. Huyo ndiye mwoga?

Ulipouliza nani humu anafanya biashara ya kimataifa, walisimama mabwana watatu wenye tai. Mama mmoja kutoka Giteranyi alibaki ameketi, naye ndiye ambaye bei ya kikapu chake hupangwa New York. Februari 2025 bei ile ilipita dola 4 kwa ratili. Habari ilitufikia kwa simu za wajukuu siku hiyohiyo, na mpaka leo inatafuta njia ya kuwafikia walipaji. Kisha dola za kahawa hugeuzwa faranga kwa kiwango cha serikali, na mtaani kiwango ni kingine kabisa. Benki Kuu ilishusha faranga Mei 2023, lakini pengo likafunguka tena. Ndiyo sababu magunia mengine huota miguu usiku, yakaelekea mpakani Kobero. Siwatetei wenye magunia. Ila mtu anayebeba kilo arobaini gizani kufuata bei ya jirani hahitaji kufundishwa kusoma soko.

Na Ulaya nayo, kwa sheria yake ya 2023 ya kuzuia ukataji misitu, inataka kila shamba lijulikane kwenye ramani. Kijana alikuja na simu, akaizunguka miti ya jirani yangu kwa robo saa. Jirani akamuuliza kama ramani hiyo inaonyesha pia siku ya kulipwa. Kijana alicheka. Jirani hakucheka.

Nikuungamie jambo, maana waraka bila kujitaja ni umbea. Mizani ya kituo chetu ilielekea kwa karani; mkulima aliiona mgongo. Mwaka mmoja akaja msimamizi kijana, akaigeuza ili sindano ielekee foleni. Hakuandaa semina. Ndani ya wiki moja ugomvi wa kilo ulikwisha, na watu waliokuwa wakipeleka kahawa kwingine wakarudi. Msimu uliofuata alihamishwa, ikaja amri irudishwe ilivyokuwa. Niliyeirudisha ni mimi, kwa mikono hii, na sikuuliza kwa nini.

Kwa hiyo nakualika, mheshimiwa. Njoo Mei, saa kumi jioni, bila mashine yako ya kurusha maandishi ukutani. Mizani ile ni nzito, nayo imeacha alama za miguu yake kwenye saruji: minne upande huu, minne upande ule. Nitakuonyesha zote nane.

Wako mtiifu,
Karani wa Mizani, Muyinga